Daktari Viola na Pengo la Baba Yake

Jumamosi, saa nne asubuhi, kliniki ya meno Ruiru. Daktari Viola Aketch ameinama juu ya kinywa cha msichana wa shule, anakaza waya za meno taratibu, na mikono yake imetulia tuli. Moyo ndio hautulii. Leo kabla ya adhuhuri chuo kinatoa matokeo ya mtihani wa kuandika wa madaktari wanaosomea ubingwa wa kupanga meno. Viola ameurudia mtihani huo baada ya kuanguka mara ya kwanza. Akianguka tena, mafunzo yake yanaishia hapo.

Anamuuliza msichana kama inauma. Msichana anatikisa kichwa. Viola anamwambia asijikaze bure, hapa hakuna zawadi ya ujasiri, na msichana anakiri kuwa inauma kidogo upande wa kushoto. Waya inalegezwa.

Watu hudhani daktari akishakuwa daktari amemalizana na mitihani. Wapi! Viola alikuwa ametibu meno miaka kadhaa kabla ya kurudi darasani. Siku za wiki yuko hospitali ya mafunzo Nairobi. Jumamosi anafanya kazi kliniki hii ya Ruiru apate karo na kodi ya chumba chake kule Kamakis, ambako, anasema akicheka, husoma huku harufu ya nyama choma ikimwita kwa jina.

Jumapili ni siku ya Ngoingwa, Thika, nyumbani kwa baba yake, Jeconia Obiero, aliyestaafu kazi ya kiwanda cha nguo. Mzee Jeconia hana meno sita ya mbele ya chini. Aling'olewa akiwa kijana mdogo huko kijijini kwao Alego, kama Wajaluo wengi wa zama zake, kuonyesha kuwa amekua.

Viola alipokuwa shule ya msingi, wenzake walimcheka baba yake siku ya wazazi. Kicheko kile kilimkaa rohoni.

"Niliapa nitamrudishia meno yake," anasema. "Hicho ndicho kilichonifanya daktari. Lakini yeye sikuwahi kumwambia."

Na kiapo hicho hicho ndicho kilichomwangusha. Swali moja la mtihani lilimhusu mzee aliyeng'olewa meno ya chini kimila, aliyefika hospitalini kwa sababu meno yake ya juu yameshuka na yanamchoma ufizi. Viola alipoona habari ya meno sita ya chini, kalamu haikuzuilika. Alijaza kurasa tatu akieleza namna ya kuziba pengo. Ufizi unaochomwa hakuugusa kabisa.

Mwalimu wake, Daktari Nzioki, alimwita akamwonyesha karatasi.

"Umetibu pengo vizuri sana," alimwambia. "Lakini huyu mzee hakuja kwa ajili ya pengo. Soma tena uone alilalamikia nini."

Jumapili hiyo Viola alifika Ngoingwa amenyong'onyea. Baba yake alimtania kwamba mashine za kiwandani nazo zilikuwa na siku zao za kugoma, na zilikuwa zinawashwa tu upya. Ndipo binti akamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani, kama angependa kuwekewa meno.

"Ya nini, nyathina?" mzee alimjibu. Kwa Kijaluo hiyo ni 'mwanangu'. "Mama yangu alinipeleka akiwa amenishika mkono, na sikulia. Hili pengo sina shida nalo. Kinachonisumbua ni gego la huku nyuma. Tangu Pasaka natafunia upande mmoja."

Mbona hakusema? Binti alikuwa na mitihani, mzee alieleza, na hakutaka kumsumbua.

"Nililia," anasema Viola, na hata leo anapepesa macho. "Miaka yote hiyo naangalia mdomo wa baba yangu, na sikuwahi kumuuliza kinachomuuma."

Jumamosi iliyofuata alimleta Ruiru, akalitibu lile gego kwa mikono yake mwenyewe.

Kuanzia hapo alibadilisha namna yake ya kusoma. Kila swali la mitihani ya nyuma, kabla hajafikiria waya, aliandika kwanza kwa Kiswahili maneno ambayo mgonjwa angeyasema akiketi kitini. Baba yake ndiye aliyeigiza mgonjwa. Leo mtoto anayenyonya kidole, wiki ijayo bibi harusi mwenye haraka. Alikuwa mgonjwa msumbufu kwelikweli, na aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Saa tano na nusu ujumbe unaingia. Viola anamaliza kumhudumia mgonjwa aliye kitini, ananawa mikono, anausoma akiwa amesimama. Kisha anaketi. Amepita.

Anampigia baba yake. Upande wa pili anasikika mzee akipenga kamasi.

Umebaki mwaka mmoja wa mafunzo. Akihitimu, Viola anataka kufungua kliniki Kamakis, kwa watoto ambao wazazi wao huamini waya za meno ni za matajiri. Anamuuliza mzee angependa nini siku ya mahafali, pengine suti mpya. Mzee hataki suti. Anataka wafunge safari hadi Alego, kwenye kaburi la mama yake.

"Nikamwambie mjukuu wake ni daktari wa meno," anasema. "Atacheka sana yule mama."