Treni Iliyoziba Njia

Juzi treni ya mizigo ilituzibia njia hapa Haltom City, huku ughaibuni, nikakumbuka gari letu la kwanza, mchana ule nilipokuwa mtoto, treni ikatuzibia vivyo hivyo, gari limejaa harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokuwa kwenye sufuria mapajani mwa Mama. Wakati huo ndio kwanza tulikuwa tumetoka Kongo, na kwetu, njia ikifungwa, wenye bunduki hawako mbali. Baba alizima redio.

"Nyamazeni. Wakija, nitajibu mimi."

Vyuma vilikwaruzana. Nikangoja askari washuke kwenye mabehewa.

Sasa najua kwamba zamani kampuni za reli ziligombania mji huu, kila moja ikajenga reli yake, na zinapokatizana, treni moja huisubiri nyingine. Ugomvi huo ndio ulioleta maghala yaliyotupa kazi na kutulisha.

Najua yote hayo. Lakini juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona umezima redio?"