Bwana Aliyenitembeza Kipini

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Maana haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwaka, mwanangu nimembeba mgongoni.

Ulikuwa mwaka ule wa mafuriko ya El Niño. Barabara ya Garsen ilikatika, maji yakawa kila upande, na binti yangu Rehema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, akashikwa na homa isiyoshuka. Kwetu dawa zilikwisha. Shemeji yangu akatupakia kwenye mtumbwi, tukateremka na mto hadi Kipini kutafuta zahanati. Tulipofika, yeye akabaki kufunga mtumbwi, mimi nikatangulia.

Unaijua adhuhuri ya Kipini? Kimya. Hata kunguru wamejificha. Nilipotokea upande wa bahari nikamkuta bwana mmoja amesimama, kanzu nyeupe, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, si mzee si kijana. Nikamwamkia, nikamuuliza zahanati iko wapi. Akasema iko mbele, atanipeleka.

Tukafuatana. Niamini, sijapata kuona mji mzuri kama ule. Njia zimefagiwa, kuta nyeupe kwa chokaa, milango ya nakshi. Akanionyesha forodha, wachukuzi wanashusha pembe za ndovu na magunia ya mpunga yaliyokuja na mto. Akanionyesha soko, tanuri la mikate ya mofa likinukia, kisima cha maji matamu, na mahakama yenye bendera. Alisema hapa ndipo walipokaa wakubwa wa serikali kabla hawajahamia juu mtoni, na alilisema hilo kama mtu aliyeachwa na mke. Ajabu ni kwamba sikushangaa. Nilikuwa kama ninaelea, miguu haichoki. Watu walitupita wakitabasamu, lakini hatua zao sikuzisikia. Na Rehema, aliyelia tangu alfajiri, akanyamaza, akawa anawapungia mkono.

Tukafika kwenye nyumba yenye baraza refu. Nikauliza kama ndiyo zahanati. Akasema taratibu, kwa lafudhi yao ya kule, mji wakiuita mui:

"Mui wetu una kila kitu, mwanangu. Nyumba tele. Watu ndio waliotupungukia. Mtue mwana hapa, apoe."

Mungu anisamehe, nilitamani. Mgongo uliniuma, na kivuli cha lile baraza kilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Nilikwisha kulegeza fundo la leso. Ndipo Rehema akaanza kujivuta atoke, mikono ameipeleka kwa yule bwana kama mtu anayemjua. Hapo nikaogopa. Mwanangu alikuwa haendi kwa mtu, hata kwa nyanya yake ilikuwa vita. Nikamrudisha mgongoni, nikakaza fundo.

"Ahsante, baba," nikamwambia. "Huyu simtui."

Alinitazama kwa huzuni, wala si kwa hasira. Akasema, "Haya," basi.

Nikasikia mwanamke ananiita nyuma yangu. Nikageuka. Nilikuwa ndani ya bahari, maji kiunoni, mbele yangu hakuna ukuta wala mlango, ila mawimbi. Mama mmoja muuza samaki alikuwa ameingia majini na nguo zake, akanishika mkono, akanitoa. Tulipofika mchangani akaniuliza ni nani aliyenipeleka kule. Nikamweleza, naye hakushangaa hata kidogo. Akasema pale niliposimama palikuwa mtaa zamani, bahari iliula nyumba baada ya nyumba. Kisha akanipeleka zahanati mwenyewe, wala hakuniacha mpaka mtoto alipodungwa sindano.

Rehema alipona. Lakini alipojua kusema vizuri, aliniuliza mara nyingi kwa nini hatukukaa kule kwenye mikate. Habari ya mikate ile sikuwahi kumsimulia, basi nani alimwambia? Leo ni mtu mzima, ana watoto wake, na bado jua la adhuhuri likikaza husimama mlangoni akitazama kule mto unakoteremkia. Nikimwita, haitiki mara moja. Nami huacha ninachofanya, nikaenda kumshika bega.

Basi wewe ukishuka Kipini mchana, ukapokewa na bwana mpole akausifu mji wake, mwitikie, tena mshukuru. Sidhani kama ana ubaya, ni upweke tu. Ila ulichobeba, ndugu yangu, usikitue.