Mlio Niliomsingizia Jirani

Nilikuwa na masikio mazuri na sikuwahi kuyashukuru. Baada ya miaka yote ile ya chuo kikuu, kazi yangu hapa Bukavu ni kujibu simu za wakulima: mihogo inayooza, migomba inayonyauka. Nafanya kazi na kaske ya simu, ile ya kuvaa kichwani, na sauti inaingia sikio la kushoto tu. Watu wa Kavumu, hapa karibu, wanasikika vizuri. Wa Shabunda, mbali kule msituni, wanasikika kama wako ndani ya pipa. Basi nilipandisha sauti hadi mwisho, nikaiacha hapo.

Siku moja, mama mmoja wa Shabunda akiwa katikati ya maelezo, laini ilipiga filimbi kali. Nilihisi kama sindano imeingia sikioni. Nikatupa kaske mezani. Kichwa kilizunguka, sikio likaziba kama limejaa maji ya ziwa. Mchana maumivu yaliisha, nikajiona mzima.

Jioni, nyumbani, nilisikia mlio mwembamba usiokoma. Nikaenda kumwomba jirani azime jenereta yake.

"Papa, jenereta yangu ilikufa tangu juzi," alisema Maman Furaha. "Ile iko mu kichwa yako."

Alitaka kunitania. Kumbe alikuwa amesema kweli.

Nikaanza kuuchunguza mlio huo. Nikilala ubavu, unapanda. Nikitafuna, unatetemeka. Nilikuwa karibu kuupenda, hadi mke wangu Nabintu, akiwa upande wangu wa kushoto, aliponiomba nilete sombe, yale majani ya mihogo, nami nikamletea pombe.

"Tunafanya fête ya nini?" aliuliza, kana kwamba kuna sherehe. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kesho unaenda kwa dokta."

Dokta alinifungia ndani ya kibanda kidogo, nibonyeze kitufe kila nikisikia sauti. Kwa muda mrefu sikubonyeza kitu.

"Sikio ya kushoto haisikie sauti za juu," alisema. "Inaweza kurudi, inaweza kubakia hivi. Upumuzishe."

"Na kazi yangu?"

"Ikibakia hivi, papa, simu utaiacha."

Nikapumzika majuma kadhaa, bila kaske, bila muziki. Herufi "s" ilianza kurudi, moja moja.

Niliporudi kazini, nilifungua mipangilio ya kaske kwa mara ya kwanza maishani. Kinga ya masikio, ile inayokata sauti ya ghafla, ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha. Nikashusha sauti hadi katikati, nikahamishia kaske sikio la kulia. Kulikuwa na mpangilio mwingine, wa kusikia sauti yako mwenyewe. Nao ulikuwa sifuri. Nikaupandisha, kwa udadisi tu.

Simu ya kwanza ilitoka Shabunda. "ALLO! ALLO!"

"ALLO!" nilijibu, na kwa mara ya kwanza nikajisikia. Nilikuwa ninapiga kelele kama kondakta! Nikashusha sauti. "Papa, unanisikia?"

Naye akashusha sauti yake: "Ah! Kumbe hauna hasira?"

Tukazungumzia mihogo yake kama watu waliokaa benchi moja.

Kwenye kipimo cha pili nilibonyeza kitufe mara nyingi, na dokta akainua kidole gumba nyuma ya kioo. Mlio mdogo umebaki, tunaishi pamoja. Namshukuru Mungu, na Nabintu aliyeacha kucheka kwa wakati. Nanyi mnaoishi na kaske kichwani, fungueni mipangilio leo. Mtu wa mbali asiposikika, mwombe arudie. Atarudia. Sikio likienda, hakuna wa kumwomba.