Mke Wangu Yuko Mezani

Korona ilimkuta mke wangu kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akajifungia chumbani kwetu pale Quakers Hill, huku ughaibuni. Mimi nikabaki sebuleni na kompyuta, nikijifunza kuandika programu kwa mtandao, maana ofisi nilizokuwa nikisafisha mjini zilikuwa zimefungwa. Nusu ya masomo sikuyaelewa. Chakula nilichomwachia mlangoni asubuhi nilikikuta mchana vilevile, uji umeganda. Daktari alisema kwa simu kwamba asipokula atapelekwa hospitali, na huko nisingeruhusiwa kukanyaga. Niliogopa sana.

Somo la wiki hiyo lilikuwa kubadilisha maneno ndani ya sentensi. Nikaandika, "Mke wangu yuko chumbani," nikaiagiza kompyuta iondoe "chumbani" iweke "mezani". Ikakubali bila neno. Nikaiambia inionyeshe sentensi: Mke wangu yuko chumbani. Nikarudia. Chumbani. Nikakagua herufi kwa herufi, nikaizima, nikaiwasha, nikaitukana kwa lugha ya nyumbani. Bado ilikuwa chumbani.

Nikampigia mwenzangu wa darasani, Mkenya wa Campbelltown. Akacheka.

"Wee, ile ya kwanza haibadilikangi! Inakupa ingine mpya. Usipoishika uipatie jina, imeenda hivyo."

"Sasa hapo nimebadilisha nini?"

"Ndiyo hivyo, bro. Utazoea."

Sikuelewa, lakini ile mpya nikaipa jina. Skrini ikaandika: Mke wangu yuko mezani. Nikageuka kuitazama meza. Palikuwa na sahani moja, yangu. Nikapandwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani.

Ndipo mlango wa chumbani ukabishwa, taratibu, kutoka ndani.

"Hodi."

Tangu nizaliwe sijapigiwa hodi na mtu aliye ndani. Nikisema karibu, atatoka na ugonjwa wake. Nikinyamaza, nitakuwa mtu wa namna gani?

"Unataka nini?" nikauliza, kama mjinga.

"Sijazoea kula peke yangu," alisema, pumzi zikimkatika. "Hakishuki."

Kisha nikasonga ugali, nikampenyezea sahani na bakuli la mboga, nikafunga mlango. Nikaikokota meza mpaka ikaugonga ule mlango, nikaketi.

"Karibu mezani," nikasema.

Nikamega tonge, nikalishika tu mkononi. Halafu, upande wa pili wa mbao, nikasikia bakuli likikwaruza sakafu, likivutwa karibu.