Moshi wa Jikoni Kwetu

Harufu ya kuni mbichi zikiungua hunitia njaa hata kama nimetoka mezani sasa hivi. Wiki iliyopita jirani alikuwa anachoma matawi aliyoyakata uani, moshi ukaniingilia dirishani, nikajikuta jikoni na kipande cha mkate mkononi. Mume wangu hucheka sana. Husema hajawahi kumwona mtu anayetamanishwa na moshi usio na nyama. Namwacha acheke, kwa sababu sijawahi kumweleza vizuri. Nyinyi nitawaeleza.

Kwetu ni upande wa Mutomo, kwenye vilima viwili vinavyotazamana, katikati pakiwa na bonde la mchanga. Ukisimama mlangoni uliona mapaa ya wote walio ng'ambo. Asubuhi na mapema mama zetu walikuwa na desturi ya kuangalia moshi. Moshi ukipanda, watu wa boma lile wameamka salama na kuna kitu kinapikwa. Usipopanda mpaka watoto wa shule wamepita, mtu alitumwa kwenda kuuliza, na hakutumwa mikono mitupu.

Aliyesimamia jambo hilo ni Mama Nduku, kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama waliolimiana mashamba na kuchimbiana mitaro ya kuzuia udongo. Alikagua moshi wa vilima vyote viwili jinsi mchungaji anavyokagua mbuzi wake. Siku moja mzee Kilonzo, aliyekuwa amefiwa na mke na aliyependa usingizi, aliamka jua limekwisha kupanda, akakuta wanawake mlangoni na kibuyu cha uji. Tangu siku hiyo tulimsingizia kwamba anachelewa makusudi.

Halafu mvua zikakosekana. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Baba alikwenda Mtito Andei kutafuta kazi kwenye hoteli za madereva wa malori. Mwanzoni salamu zake zilifika kwa midomo ya wasafiri, kisha zikakoma. Tukabaki mama, mimi, mdogo wangu Mutua, na Mwende, ambaye bado alikuwa ananyonya.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja akakaa kwenye kigoda, akasema mbele yetu: "Ukishindwa na hawa watoto, wewe sema tu. Tutawagawa. Mutheu ataenda kwa shangazi yake huko Sultan Hamud, huyu kijana akuje kwangu achunge mbuzi, na huyu mdogo urudi naye kwenu."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayerudisha viti vya watu baada ya harusi. Mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alitushika mimi na Mutua mabega, akatuambia kwamba mtu yeyote asijue kilichomo jikoni mwetu.

Kuwasha moto ilikuwa kazi yangu. Chakula kilipoisha kabisa, mama aliendelea kuniamsha: "Mutheu, washa moto." Nilitia kuni mbichi, kwa kuwa ndizo zenye moshi mwingi. Ulipanda mzito, mweupe, moshi wa watu wenye neema. Ng'ambo ya bonde Mama Nduku aliuona, akatupungia mkono, akaendelea na shughuli zake.

Mutua, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliuliza tunapika nini.

"Tunapikia macho ya watu," mama akasema.

"Basi macho ya watu yatashiba, na sisi tulale njaa."

Mama alicheka. Kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Tulikula mboga za porini zilizokuwa hazijakauka, na mahindi ya manjano ya msaada yalipofika, ambayo hayakufika mara nyingi. Mama hakukosa siku ya mwethya. Alichimba mitaro na wenzake tumbo likiwa tupu, na sauti yake katika nyimbo za kazi ilikuwa juu kuliko zote. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yetu haikujua lolote, maana ilikuwa imetundikwa ukutani, kavu.

Maziwa ya mama yakakauka pia. Mwende, aliyekuwa akilia usiku kucha, akaacha kulia. Mimi na Mutua tulifurahi. Tulidhani amekua, amekuwa mpole.

Asubuhi moja Mama Nduku alikuja na kigae kuomba moto, kwani wake ulikuwa umezimika na kiberiti kimekwisha. Kwetu mtu hanyimwi moto. Mama alitaka kumchotea makaa amletee mlangoni, lakini Mama Nduku alikuwa mtu wa kuingia. Aliingia, akainama, akauona moto unavyowaka vizuri kati ya mafiga, na juu ya mafiga hakuna kitu.

"Aiya! Mama Mutheu, moto yote hii ni ya nini?"

"Ndio nataka kuweka maji."

"Maji ya nini?"

Mama Nduku aliweka kigae chini taratibu. Akamwendea Mwende pale mkekani, akambana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu mtoto alilia lini?"

"Juzi," mama akasema.

Walimbeba kwa zamu mpaka hospitali ya misheni. Wauguzi walimhangaikia, najua, kwa sababu mama aliwaombea maisha yake yote. Lakini aliporudi mgongo wake ulikuwa mtupu.

Siku ya mazishi baba mkubwa alikuja kutimiza neno lake. Alianza kusema tukusanye nguo zetu. Mama Nduku akasimama.

"Hawa watoto hawaendi mahali."

"Hawa ni watoto wa ukoo wetu."

"Na ni wa mwethya. Mama yao amechimba mitaro ya kila mtu hapa, hata yako. Ukitaka kumsaidia, lete mbuzi ya maziwa hapa hapa."

Alimleta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajua njia moja tu ya kusaidia.

Kisha Mama Nduku aliwageukia wenzake. Alijifunika uso kwa leso. Tulimsikia akirudia ndani ya kile kitambaa, "Nilikuwa naona moshi, nasema asante Mungu." Kuanzia hapo akina mama wa mwethya waliacha kutazama mapaa. Waliingia jikoni mwa mtu bila aibu, wakafunua sufuria, na mtoto alikula pale njaa ilipomkutia. Sisi watoto tuliona wamekosa adabu. Miaka michache baadaye hakuna aliyefunua sufuria za watu kwa ukali kama mama yangu.

Lakini ninalotaka kuwaambia ni la jioni ya mazishi. Wanawake walifika mmoja mmoja na vyondo vyao. Huyu alileta kunde, yule mbaazi, mwingine bakuli la mahindi ya kukobolewa tuyaitayo muthokoi, mwingine maziwa kwenye kibuyu. Hakuna aliyekuwa na kingi. Waliviweka chini kando ya mafiga, na lilikuwa fungu la kutosha. Mama hakuwa ametoa chozi kaburini. Alipoliona fungu lile alipiga ukelele ambao sijausikia tena, akaanguka, ikabidi ashikwe.

Nilidhani anamlilia Mwende, nami nikakaa pembeni nikala muthokoi, nikashiba. Nilikuja kumwelewa nilipokuwa na mtoto wangu wa kwanza mapajani. Chakula kile hakikutoka mbali. Kilikuwa ng'ambo ya bonde siku zote, mahali ambapo mtu akiita anasikika.