Niliifuta Sauti ya Mama wa Bi Harusi

Nyie, msinitafutie udhuru. Kosa ni langu peke yangu, na mpaka leo usingizi wangu ni wa kuibiaibia.

Nina studio ndogo ya kuhariri video hapa Shanwe, Mpanda. Kompyuta yangu ni kuukuu, Windows ilishaishinda, nikawekewa Linux, mfumo mwingine wa bure. Tulikuwa tunaenda vizuri tu.

Akaja dada mmoja, nimwite Konsolata, muuza dagaa wa Kapalamsenga, kule ziwani Tanganyika. Anaolewa Jumamosi. Ana video ya marehemu mama yake akimwachia baraka kwa Kibende, lugha ya kwao. Kaka yake, Yosefu, ndiye aliyeirekodi kwa simu ya Konsolata, mama akiwa kitandani.

"Sijathubutu kuitazama," akaniambia. "Nitaiona ukumbini na watu wote. Ihamishe kabisa, dada, simu imejaa."

Nikaihamisha. Ikabaki moja tu duniani, kwangu.

Kuifungua, sauti inasikika, picha hakuna. Giza tupu! Kompyuta haikuwa na kodeki, yaani kiprogramu cha kusoma video za aina ile. Linux yangu haikuja nacho. Inabidi ukitoe kwenye repo za watu baki, maghala ya programu ya mtandaoni yasiyo ya waliotengeneza mfumo wenyewe.

Nikampigia kaka aliyenifundisha kazi.

"Repo nzuri zipo," akasema, "ila chukua ya toleo lako, usichanganye. Na kabla hujagusa kitu, hiyo video iweke kwenye flashi."

"Sawa kaka."

Sawa gani! Flashi ilijaa video za kipaimara, nikaona uvivu kuipunguza. Nikanakili amri kwenye ukurasa wa kwanza niliokutana nao. Kompyuta ikaniuliza: programu hizi zitaondolewa, uendelee? Orodha ndefu, sikuisoma. Nikakubali. Kuiwasha tena, kioo cheusi!

Jamani, hapo video ilikuwa bado salama ndani ya diski! Ningeita fundi tu. Mimi nikapaniki, nikaanza kuweka Linux upya. Ikauliza kama ifute diski nzima. Nikabonyeza ndiyo.

Nilipoikumbuka video, nikaing'oa diski nikakimbia nayo mjini. Fundi wa mjini alijaribu kuifufua, akaambulia vipande visivyofunguka.

Konsolata alipokuja, nikaongeza dhambi juu ya dhambi.

"Mdogo wangu, video ilikuja imeharibika. Aliyerekodi alikosea."

"Hata sauti?"

"Hata sauti."

Akampigia Yosefu palepale, mbele yangu. "Neno la mwisho la mama, we hata simu hujui kushika! Usikanyage harusini kwangu!"

Nami nikajifanya napanga nyaya. Mungu wangu!

Yosefu hakukanyaga. MC alipoomba watu wasimame kumkumbuka mama, bi harusi alilia mpaka akatolewa nje, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kamera.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda basi mpaka Kapalamsenga, nikamkuta Konsolata anaanika dagaa, nikamweleza yote, hata kwamba ile sauti niliisikia kwa masikio yangu.

Hakunitukana. Akauliza taratibu, "Alisemaje?"

"Kibende sikijui, mdogo wangu."

Akanitazama sana. "Si ungenipa tu hiyo sauti, dada? Picha ya nini? Sura ya mama naijua."

Wazo hilo halikuwahi hata kunijia!

Aliyekuwepo mama akisema ni Yosefu peke yake. Konsolata akachukua simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Wanasema amevuka kwenda upande wa Kongo, na tangu siku ile hakuna ndugu aliyempata. Mimi nampigia kila asubuhi, bure.

Nyie mnaoshika kumbukumbu za watu, nawasihi. Nakili kwanza, ndipo uguse. Repo usiyoijua usiiingize kwenye kompyuta yenye mali ya mtu. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, mtu akufokee wewe. Mimi nilimtafutia hasira yake mtu mwingine, na sasa hakuna wa kumwambia Konsolata mama yake alimwachia neno gani.