Filimbi Kumi na Mbili

Filimbi nilinunua mimi. Naliandika hilo mwanzoni kwa sababu wapo watu Kaniha wanaosema nikisimulia habari hii nitajitoa ndani yake, nibaki kuwasema wao. Nitawasema. Lakini filimbi nilinunua mimi, kumi na mbili, kwenye duka la vifaa vya michezo Biharamulo mjini, za chuma, zenye kamba nyekundu ya kuvaa shingoni.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Nilitoka Bukiriro, wilaya ya Ngara, na begi moja la mgongoni, nikabeba mizigo stendi ya Mwanza, nikauza maji, nikalala kwenye mabanda ya watu, na kutoka hapo nikajisomesha mpaka nikapata stashahada ya afya ya mifugo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi mkoa wa Kagera sikutaka kugombea migomba na ndugu. Nikapata eneo Kaniha, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la rangi ya bluu, sola juu, duka la dawa za mifugo mbele. Stashahada yangu imetundikwa ukutani dukani, kwenye kioo, mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa. Wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza huniita daktari. Sijawahi kuwasahihisha.

Wizi ulipozidi, mitamba ikiondoka zizini na betri za sola zikiondoka ukutani, tuliitwa mkutano kwenye darasa la shule. Nilisimama wa kwanza. Nikasema kituo cha polisi kiko mbali, na gari lao likija huja kuandika maelezo, mwizi ameshafika mkoa mwingine. Nikasema tuunde ulinzi wetu, na vifaa nitatoa mimi. Wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji mkubwa, akachaguliwa kuwa mtemi wa walinzi hapohapo.

Mwanamke mmoja tu ndiye aliyepinga. Ni mjane, Mhangaza kama mimi, shamba lake la maharage linapakana na langu. Alisimama akaamkia wazee, kisha akauliza:

"Mkimpiga mtu, halafu ikaonekana siye, nani kati yenu atakwenda kumwambia mama yake?"

"Kaa chini, mama," mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwizi alipobeba mbuzi wako alimfikiria mama yako?"

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza daktari. Si ndiye msomi?"

Nami nikamjibu, "Mama, ng'ombe akiwa na kupe hatuitishi kikao na kupe. Tunaogesha."

Darasa zima likacheka. Mtemi alicheka mpaka akafuta machozi. Yule mama akaketi, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani akijikojolea hadharani.

Taratibu za ulinzi walizileta wafugaji, kwa sababu kwao ulinzi wa namna hiyo ni wa zamani. Filimbi ikilia, kila mwanaume anatoka na fimbo au panga. Asiyetoka anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto, haendewi msibani. Na anayetoka lazima aitikie kwa yowe, akimbie huku anapiga yowe mfululizo, ili wenzake wajue yuko upande wao. Anayekimbia kimya ndiye mwizi. Kanuni yao ni hiyo, na kwa watu waliokulia humo haina utata.

Kwetu Bukiriro nililelewa vingine. Kule milimani yowe hupigwa na wanawake na waliobaki nyumbani. Mwanaume akilisikia anafunga mdomo, anashuka mbio hadi kivuko cha bondeni na kukiziba, kwa sababu mwizi akisikia kelele zako anajua pa kupita. Baba alitufundisha hivyo kwa viboko. Katika mkutano ule mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliozijua desturi zote mbili. Sikusema lolote. Nilikuwa bado nafurahia makofi.

Kaka yangu mkubwa alikuja kunitembelea mwezi uliofuata. Kaka huchonga mizinga ya nyuki, na kutoka Bukiriro mpaka Bugarama ukiuliza mzinga mzuri unaelekezwa kwake. Alikuja kunichongea mizinga sita. Alikuja na shati moja, nami siku ya Jumapili nikampa fulana yangu ya mahafali ya chuo, ya kijani.

"Sasa na mimi nimehitimu," akasema, akijitazama kifuani. "Niite mwalimu."

"Umehitimu kuchonga magogo."

"Gogo halina dharau kama wagonjwa wako wenye pembe. Mdogo wangu, juzi nimekuona umepigwa teke, ukasema umeteleza."

Nilimwacha akicheka nyuma ya nyumba na magogo yake, nikaenda kufungua duka. Saa nne asubuhi, wengi wakiwa kanisani, nikasikia bati linagonga. Nilipozunguka nikamwona mtu anaruka uzio na paneli yangu ya sola mgongoni, akaingia kwenye mahindi. Nilivuta filimbi nikaipuliza mpaka masikio yakaziba.

Watu walitoka kila upande wakipiga yowe. Kaka naye aliisikia. Alikuwa na shoka la kuchongea mkononi. Alifanya alichofundishwa na baba: alifunga mdomo, akashuka bondeni kukata njia.

Mimi ni mnene kidogo siku hizi, nilifika nyuma ya wengine. Nilikuta kundi limeshazunguka kitu chini, fimbo zinapanda na kushuka. Sikumwona aliyelala. Niliona migongo tu. Na kwa sababu paneli ilikuwa yangu, na hasira ilikuwa yangu, nilisema kwa sauti kubwa: "Msimwachie!"

Neno hilo nililisema. Mtemi alilisikia, na baadaye alilirudia mbele ya watu kila nilipomlaumu.

Kisha mtu mmoja akarudi nyuma kuvuta pumzi, na kwenye nafasi aliyoiacha nikaona kijani.

Sijui nilipitaje. Nilimlalia kaka juu, nikapigwa mgongoni mara mbili kabla hawajanitambua. Nilikuwa napiga kelele, "Ni kaka yangu! Ni kaka yangu!" Na mmoja, bila aibu, fimbo bado iko juu, akaniuliza:

"Sasa mbona hakupiga yowe?"

Mwizi alivukia upande wa juu, na paneli yangu mgongoni. Kijiji kizima kilikuwa bondeni, kimempa kisogo.

Kaka tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati yangu na dereva. Hospitali wakataka fomu ya polisi, PF3, kwanza. Kwa hiyo nikaenda kwenye kituo kilekile nilichokidharau darasani, na askari aliyekuwa zamu akaniuliza taratibu, kalamu mkononi: ulimwona mwizi? Alivaa nini? Alielekea wapi? Na huyu ndugu yako alivaa nini? Maswali manne. Niliyajibu yote kabla askari hajamaliza mstari wa tatu. Watu zaidi ya thelathini bondeni, na mimi msomi wao, hatukuwa tumeuliza hata moja.

Ndiyo hasira yangu mpaka leo, na sitaki mtu aje kunituliza. Wanakuja dukani kununua dawa ya kuogeshea na kuniambia, "Daktari, ilikuwa ajali." Ajali ni kuteleza kwenye tope. Mtu kuinua fimbo mara ya pili juu ya mtu aliyekwisha lala si ajali. Wanasema bila ulinzi wizi utarudi. Wizi haujaondoka, aliyeondoka na paneli yangu anakula matunda yake mahali fulani, hana mkwaruzo. Fimbo ilimpata aliyekuwa anamfukuza. Tena ingeweza kumpata mwalimu mgeni, au bubu, au mwehu anayekimbia kwa raha zake.

Nilitoa maelezo polisi na nikamtaja mtemi. Nikatengwa kwa wiki tano. Mtu pekee aliyeniletea moto, makaa kwenye kigae, ni yule mjane. Hakusema, "Nilikwambia." Aliuliza tu, "Mama yenu umemwambia?" Nilikuwa sijamwambia. Nilikwenda Bukiriro kesho yake.

Kaka alipona, kama kupona ni kubaki hai. Kiwiko cha mkono wa kulia hakinyooki. Shoka halishiki. Mizinga miwili iliyokwisha chongwa iko kwangu, magogo manne yanaliwa na mchwa nyuma ya nyumba, na sijaruhusu mtu ayaguse.

Alikuja tena mwaka huu, kwa kuwa nilimwomba sana. Tulikuwa tumekaa barazani alasiri, anamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, ananitania kuhusu tumbo langu. Filimbi ikalia.

Kaka aliangusha kisu. Alisimama wima mlangoni, hakushuka hata ngazi moja, akapiga yowe. Mtu ambaye maisha yake yote alikimbia kimya alipiga yowe mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akavuta pumzi, akapiga tena, macho yameelekea barabarani kutafuta nani anamsikia.

"Kaka, acha. Ni uwanjani shuleni. Wanacheza mpira. Ni refa."

Alitikisa kichwa. "Wasije wakasema sikuitikia," akasema, akapiga tena.

Nikasimama kando yake. Filimbi ya refa ikalia mara ya pili, na safari hiyo tuliitikia wote wawili.